Palm ya zamani, laptopu mpya: uchague njia ipi ya kuziunganisha?

Mwezi wa saba, baridi ya Mbeya ikiwa ya kung'ata masikio, mzee mmoja mstaafu wa kilimo alishuka kwenye basi la kutoka Vwawa akaja moja kwa moja dukani kwangu Mwanjelwa. Nilimwamkia, akaitika marahaba huku akifungua leso kubwa mezani. Ndani mlikuwa na Palm IIIxe, ile kompyuta ndogo ya mkononi ya kuwekea anwani na kalenda. Kioo kimekwaruzika, kalamu yake ilishapotea zamani, na kifuniko cha betri kimeshikiliwa na selotepu.

"Mwanangu, humu mna wakulima wangu wote wa kahawa, tangu nilipokuwa kazini Mbozi. Mjukuu kajaribu kuichomeka kwenye laptopu yake, hakuna tundu inapoingia."

"Bado inawaka, mzee?"

"Inawaka. Ila kila nikiiwasha inalalamika betri."

Sikumuuliza kitu kingine, nilinyanyuka kwanza kutafuta betri. Sababu yake nitaieleza hapo chini.

Mzee huyu si wa kwanza. Amewahi kuja mwalimu kutoka Iringa na Handspring Visor, na bwana mmoja wa Mafinga mwenye Psion aliyokuwa akiandikia hesabu za mbao; zote ni mashine za mkononi za aina hiyo. Wote huuliza swali moja, njia ipi ni nzuri, na wote huondoka na majibu tofauti. Wengi huwa wamekwama kati ya njia tano, kwa hiyo nizipange hapa kwa vipimo vile vile, kila mtu ajipimie mwenyewe.

Vipimo vyenyewe

Kipimo cha kwanza hakihusu waya. Jiulize: unataka kutoa vilivyomo mara moja tu, mashine ikarudi kabatini, au unataka kuendelea kuitumia kila siku? Watu huliruka hili, wakanunua vifaa vya kazi ya kila siku kwa kazi ya nusu saa.

Baada ya hapo angalia mashine yako ina tundu gani, vifaa vinavyohitajika vinapatikana hapa kwetu au hadi uagize Dar, ni ujuzi na subira kiasi gani vinatakiwa, na mwisho kabisa, ukikosea, data inaweza kupotea au la. Hicho cha mwisho ndicho ninachokipa uzito kuliko vyote. Waya ukiharibika utanunua mwingine. Majina ya wakulima hayauzwi popote.

Kwanza betri

Palm nyingi za miaka ya 1996 hadi 2004 zinaweka kila kitu kwenye kumbukumbu inayohitaji umeme muda wote. Betri zikiisha kabisa, anwani, kalenda na maandishi vyote vinafutika, na mashine inaamka kama imetoka kiwandani. Ni karibu na mwaka 2004, kwa mashine kama Treo 650 na Tungsten T5, ndipo Palm walipoanza kutumia kumbukumbu isiyopoteza kitu umeme ukikatika.

Kwa hiyo, kabla ya kuhangaika na njia yoyote kati ya hizi tano, weka betri mpya. Palm III na m100 na ndugu zake zinatumia mbili ndogo, zile za rimoti. Chukua za alkalaini, usichukue zile za bei ya chini kabisa zinazovuja. Ukitoa za zamani una kama dakika moja tu: ndani kuna kapasita inayoshikilia kumbukumbu kwa muda huo mfupi. Fungua pakiti kwanza, zipange mkononi, ndipo utoe za zamani. Mimi hubadilisha moja moja, na simu ikiita siipokei.

Palm V na nyingine zenye betri ya ndani zinachajiwa kwenye kitako chake, yaani kile kishikio cha kuisimamishia mashine, kwa hiyo kama kitako kimepotea, kukipata ndiyo kazi ya kwanza. Psion Series 5 inatumia mbili za saizi ya saa ya ukutani, na pembeni ina betri ya kitufe, CR2032, inayolinda kumbukumbu unapobadilisha hizo kubwa. Usizitoe zote kwa pamoja.

Sasa njia.

Kitako cha siriali na adapta ya USB

Hii ndiyo njia ya mashine kongwe: Pilot za mwanzo, Palm III, Palm V, m100 na m105, na Psion nyingi. Waya wake unaishia kwenye plagi ya matundu tisa, na laptopu za leo hazina mahali pa kuiingiza. Katikati panahitajika adapta inayobadilisha USB kuwa siriali.

Adapta hupatikana Mbeya. Ulizia kwa wanaouza vifaa vya mitandao, maana mafundi wao huitumia kuseti rauta. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na shida inayookoa, lakini zinatofautiana sana kwa ndani. Ya kwanza niliyoinunua kwa ajili ya kazi hizi taa yake iliwaka vizuri, Windows ikaitambua, kisha ikaandika kosa namba 10 na ikagoma hapo hapo. Ndani ilikuwa na chipu ya Prolific ya toleo la zamani, na draiva mpya za Windows haziikubali. Tangu siku hiyo natafuta yenye chipu ya FTDI, au naitumia ile ya zamani kwenye Linux, mfumo wa kompyuta unaotumika badala ya Windows, ambako inafanya kazi bila kelele. Angalizo moja: kuna vibodi vidogo vya wanafunzi wa umeme navyo vinaitwa USB siriali, vyenye pini za volti 3.3 au 5. Hivyo si vyenyewe. Kitako cha Palm kinazungumza RS-232, volti zake ni nyingine kabisa.

Ugumu wake ni wa wastani. Kwenye Windows, programu ya HotSync ya zamani, ile inayooanisha Palm na kompyuta, inapenda namba ndogo za COM, yaani namba za matundu ya siriali, na adapta inaweza kujipa COM7 au COM12. Ingia kwenye orodha ya vifaa, ibadilishe iwe COM1 hadi COM4, kisha chagua namba hiyo hiyo kwenye HotSync. Watu wengi wanakwama hapa wakidhani waya umekufa.

Mwendo wake ni wa kinyonga. Palm ya MB 8 iliyojaa, kwa kasi ya biti 57,600 kwa sekunde, inachukua kama dakika 25. Kwa anwani na kumbukumbu za maandishi peke yake ni dakika mbili tatu.

Kwa usalama wa data ni njia nzuri, ilimradi usikosee mpangilio nitakaoueleza kwenye USB. Inamfaa mwenye mashine kongwe ambaye bado anaitumia kila siku. Kwa kazi ya mara moja inafaa pia, ukiweza kuazima adapta.

Waya wa USB wa mashine yenyewe

Handspring Visor ya mwaka 1999 ilikuja na kitako cha USB, na Palm wakafuata kwa m500 na m505 mwaka 2001, kisha m125, m130, Zire na Tungsten. Zire 31 na Tungsten E zina tundu la mini-USB, lile lililokuwa kwenye kamera nyingi za digitali. Waya wake unaweza kuupata hata kwenye meza ya mtu wa simu pale Kabwe, mradi useme mini, maana ukinyamaza utapewa maikro.

Kwa mwonekano ndiyo rahisi kuliko zote, na kumbe ndiyo inayowasumbua watu kuliko zote. Unachomeka, na kompyuta haioni kitu. Mwalimu wa Iringa alirudisha waya mara mbili dukani kwa sababu hiyo. Siri ni kwamba Palm haijitambulishi kwa kompyuta mpaka ubonyeze kitufe cha HotSync. Ukikibonyeza inatokea kwa sekunde kadhaa, na isipopata wa kuzungumza naye inapotea tena.

Kwenye Windows ya biti 64 draiva za Palm zenyewe hazifanyi kazi. Kampuni ya Aceeca ya Nyuzilandi, iliyokuwa ikitengeneza mashine zinazotumia mfumo wa Palm, ilitoa draiva ya biti 64 ambayo wengi wanaitegemea mpaka leo. Unaiweka kwa mkono, ukiielekeza folda ilipo wakati Palm imebonyezwa. Inataka vidole vya haraka.

Kwenye Linux mambo ni mepesi zaidi, ila ni ya kuandika amri. Kuna pilot-link, programu za amri za kuzungumza na Palm, na kuna J-Pilot yenye madirisha ya kubofya. Amri moja ya pilot-xfer yenye alama ya -b inanakili kila kitu kutoka Palm kuja kwenye folda, bila kuandika chochote kwenye Palm. Naipenda kwa sababu hiyo: inasoma tu. Ubaya ni kwamba kwenye Linux za sasa huenda ukalazimika kuijenga mwenyewe kutoka kwenye msimbo wake, jambo ambalo si la kila mtu.

Hatari ipo kwenye Palm Desktop, programu ya Palm ya upande wa kompyuta. Ukiiweka upya kwenye laptopu, iko tupu. Ukichagua kwa bahati mbaya mpangilio wa kompyuta kuifuta Palm na kuijaza yake, umeijaza utupu. Fungua mipangilio ya kila kipengele kabla ya HotSync ya kwanza, uhakikishe ni Palm inayoijaza kompyuta, au zinaoanishwa pande zote. Mwenye Palm ya siriali naye asikie hili.

Inamfaa mwenye mashine ya USB anayetaka matumizi ya kila siku, na asiyeogopa kuhangaika siku ya kwanza.

Infraredi

Kile kidirisha cheusi kichwani pa Palm, kuanzia Palm III ya 1998, kinatuma data kwa mwanga usioonekana. Psion 3c na Series 5 nazo zinacho. Uzuri wake ni mmoja na ni mkubwa: hakihitaji waya wala kitako. Kama pini za chini za mashine yako zimeota kutu ya kijani, na nimeona nyingi hivyo kutoka Tukuyu kwenye mvua zisizoisha, hii inaweza kuwa njia yako ya pekee.

Shida iko upande wa pili. Laptopu za leo hazina kidirisha hicho. Za biashara za miaka ya 2000 zilikuwa nacho, na zipo adapta za USB za infraredi ingawa kwa hapa ni za kuagiza. Linux nayo iliondoa sehemu ya infraredi kwenye kiini chake mwaka 2018, toleo la 4.17, kwa hiyo utahitaji ya zamani.

Ila kuna njia ya panya ninayoitumia sana. Tafuta Nokia yenye infraredi na Bluetooth kwa pamoja, kama 6230. Simu hizo bado zimelala kwenye makabati ya watu. Palm inaituma anwani kama kadi ya mawasiliano, Nokia inaipokea, kisha Nokia inaituma kwa Bluetooth kwenda laptopu au simu yako ya sasa. Nilimfanyia hivyo mama mmoja wa Uyole aliyekuwa na anwani arobaini na kitu. Tulikaa mbali na dirisha, kwa sababu jua kali linaisumbua infraredi, mashine mbili zikitazamana kwa shubiri moja. Tulituma moja moja. Chai iliisha na anwani zikaisha.

Kwa data ni salama, kwani kutuma hakufuti kitu. Kwa anwani chache inafaa kabisa. Kwa wakulima mia sita ni mateso.

Memori kadi

Kama mashine yako ina tundu la kadi, simama hapa kwanza kabla ya kwenda kwingine. Palm m500, m125, m130, Zire 71, Tungsten E na nyinginezo zinapokea SD. Psion Series 5 inapokea CompactFlash. Unanakili kwenye kadi, unaitoa, unaichomeka kwenye kisoma kadi, umemaliza. Hakuna draiva, hakuna COM.

Kikwazo ni kadi yenyewe. Palm hizi hazitambui SDHC, yaani kadi za GB 4 na kuendelea, na madukani siku hizi ndogo kabisa mara nyingi ni GB 16 au 32. Tafuta ya GB 2 au pungufu. Mimi hupata zile ndogo kwenye simu za vitufe za zamani, naziweka kwenye adapta ya SD, nazifomati kwa FAT16, mpangilio wa zamani wa kupangia mafaili.

Kikwazo cha pili kinakuja baada ya ushindi. Unachokipata kwenye kadi ni mafaili ya .pdb yenye majina kama AddressDB, DatebookDB, MemoDB na ToDoDB, na ukiyabofya kwenye Windows hayafunguki. Yaweke kwenye folda iliyofichwa ya J-Pilot, ile iitwayo .jpilot, kisha uifungue programu. Anwani zinaonekana kama ulivyoziacha, na unaweza kuzitoa kama jedwali au kadi za mawasiliano. Kwa Kiswahili hutapata shida ya herufi, kwa kuwa hatuna zenye vinundu na mikia. Aliyeandika Kifaransa atakuta alama za ajabu.

Psion vivyo hivyo: maandishi yake yako kwenye mfumo wake mwenyewe, kwa hiyo yahifadhi kama maandishi ya kawaida kabla ya kuyaweka kwenye kadi. Bwana wa Mafinga alifanya hivyo kwa usiku mmoja, bila mimi.

Hatari ni ndogo, gharama ndogo, ujuzi mdogo. Inamfaa mtu wa mara moja kuliko yeyote. Kwa kila siku si mbaya, ila kalenda hazitaoana zenyewe.

Kompyuta kuukuu, au ya kuigiza

Badala ya kuilazimisha laptopu mpya ikubali mambo ya zamani, tafuta ya zamani. Kompyuta yenye Windows XP na tundu la siriali nyuma inazungumza na Palm kama ndugu waliokua nyumba moja. Zipo kwenye ofisi nyingi huku kwetu, zimefunikwa vumbi chini ya meza. Unaweka Palm Desktop, unabonyeza HotSync, basi. Kisha unahamisha kwa flashi kwenda laptopu mpya.

Usiiunganishe na intaneti. Microsoft waliacha kuihudumia XP tarehe 8 Aprili 2014, na flashi yako inaweza kurudi na wageni. Pia hakikisha diski yake haigugumii, maana utakuwa umetoa data mahali pa hatari na kuiweka pengine pa hatari.

Anayejiweza zaidi anaweza kuweka XP ndani ya laptopu mpya kwa VirtualBox, programu ya kuigiza kompyuta nyingine ndani ya kompyuta yako. Inafanya kazi, kwa sharti moja: ile tabia ya Palm ya USB ya kutokea na kupotea inaichanganya. Weka kichujio cha USB mapema ili ikitokea tu ichukuliwe ndani, la sivyo utakimbizana na menyu mpaka uchoke. Inataka RAM ya kutosha na leseni ya XP, na sioni kama inafaa kwa mtu wa anwani hamsini. Kwa mwenye miaka kumi ya kalenda na anayetaka Palm Desktop ile ile aliyoizoea, sijaona iliyotulia zaidi.

Ukiwa katika hali hii, fanya hivi

Mashine ina tundu la kadi na unataka kutoa vitu mara moja: kadi. Usinunue kitu kingine mpaka umeijaribu.

Mashine ni ya siriali na pini zake ni safi: adapta, na kama una rafiki mwenye Linux, mpelekee yeye pamoja na adapta. Pini zikiwa na kutu, zisugue taratibu kwa pamba yenye spiriti kabla ya kukata tamaa. Zikigoma kabisa, nenda kwenye infraredi na Nokia.

Mashine ni ya USB, na unaitumia kila asubuhi kwa ratiba zako: jioni moja ya kuhangaika na draiva inalipa. Ukiwa na kompyuta ya XP ofisini, huo muda utumie kwa mambo mengine.

Unazo anwani kumi na tano tu? Chukua kalamu. Sitanii. Nimeona watu wakitumia wiki nzima kwa kazi ambayo ingeisha kabla ugali haujaiva.

Na kama kioo hakiwaki kabisa hata kwa betri mpya, na mashine ni ya kabla ya 2004, basi kilichokuwa kwenye kumbukumbu ya ndani huenda kimeshaondoka. Kadi yake, kama ilikuwa nayo, inaweza kuwa nzima, kwa hiyo usiitupe. Uliza pia kama iliwahi kuunganishwa na kompyuta ya ofisi zamani, kwa sababu Palm Desktop ilikuwa ikiacha nakala kwenye diski.

Mzee wa Vwawa alikuwa wa namna mbili kwa pamoja. Mjukuu alitaka majina kwenye simu, mzee mwenyewe hakutaka kuiacha Palm yake. "Hii haidai bando," alisema. Kwa hiyo nilitumia kitako cha siriali nilichokuwa nacho, adapta ya FTDI, na laptopu yangu ya Linux. Majina ya mafaili yalishuka kwenye skrini moja baada ya jingine, naye amevaa miwani akiyafuatilia kwa kidole ingawa hayakumwambia kitu. Tulipofungua J-Pilot na jina la mkulima wa kwanza likatokea, pamoja na idadi ya miche yake, alicheka kwa sauti hadi jirani yangu wa duka la vitenge akachungulia.

Jedwali nililiweka kwenye flashi ya mjukuu. Palm ilirudi kwenye leso. Nyuma ya kifuniko nilimbandikia kipande cha karatasi chenye tarehe ya kubadilisha betri, nikamwandikia kwa herufi kubwa: MOJA MOJA.